Mbeleko ya Yatima wa Porini

Mwezi Januari mwaka 2020, misitu ya Australia ilipokuwa ikiteketea kwa moto, watu wa mataifa mengi walikaa mbele ya cherehani au walishika sindano za kufumia, wakatengeneza vifuko vya kulelea watoto wa kangaruu waliopoteza mama zao. Vifuko vilitoka Ulaya, Marekani na Asia, kwa maelfu. Kabla mwezi ule haujaisha, waratibu wa kazi hiyo waliwaomba wahisani wa nje wasimame kwanza, kwa kuwa vilivyokwisha kupatikana vilikuwa vingi mno. Julai ya mwaka huohuo, wanasayansi wa Australia walikadiria kwamba wanyama karibu bilioni 3 waliuawa na moto ule au walifukuzwa nao katika makazi yao. Vifuko vilizidi; mama walipungua.

Nayaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Huruma ya watu wale ilikuwa ya kweli, nami simkejeli yeyote aliyeshona. Ninachotaka tukitafakari ni kwamba kifuko hakihitajiki mpaka mama awe amekufa. Jamii inayoshona bila kuuliza mama amekufaje itashona milele. Na jamii isiyoshona kabisa, kwa hoja kwamba ina matatizo makubwa zaidi, hupoteza hata nafasi ya kuliuliza swali hilo. Sisi wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, tumo katika kundi hili la pili, na hali hiyo ina gharama ambayo hatujaihesabu.

Tuanze na kifuko chenyewe. Mtoto wa kangaruu huzaliwa akiwa mdogo kama harage, hana manyoya, na hukaa katika mfuko wa tumbo la mama yake kwa miezi mingi. Mama akigongwa na gari au akiungua, mtoto hukosa kwa mara moja vitu vitatu: maziwa, joto na giza tulivu. Kitambaa hakitoi maziwa, lakini hutunza joto na humficha mtoto asione yanayomtisha. Walezi wenye uzoefu wana masharti yao. Tabaka la ndani liwe la pamba tupu, la nje liwe la sufu. La ndani litoke na kufuliwa, kwa sababu mtoto hulichafua mara nyingi kwa siku. Mishono itazame nje. Uzi usining'inie, maana ukijizungusha kidoleni hukata mzunguko wa damu na kidole kikafa. Kitako cha kifuko kiwe cha mviringo ili mtoto aweze kujikunja. Kifuko kizuri cha picha, kisichofuata masharti hayo, kinaweza kumdhuru mtoto kiliyeshonewa kumwokoa. Huruma nayo ina vipimo.

Sisi tuna neno la kitu cha namna hiyo: mbeleko. Hakuna mama wa Kisumbwa wala wa Kisukuma anayehitaji kufundishwa kwamba mtoto aliyefungwa mgongoni hutulia kwa sababu ya joto na mapigo ya moyo anayoyasikia. Elimu hiyo imekwisha kuzunguka dunia na kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Bogotá nchini Kolombia, walipopungukiwa na mashine za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, waliamua kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo wakaipa jina la kangaruu. Leo wauguzi wetu wanaitumia kwa watoto njiti. Kwa hiyo anayesema kwamba mnyama hana la kumfundisha binadamu katika malezi, aingie katika wodi ya watoto njiti akaulize jina la huduma inayotolewa mle.

Sasa tuje Runzewe. Wanaoifahamu Runzewe wanaifahamu kwa barabara. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita hapo yakitoka Kahama na Ushirombo kuelekea Nyakanazi. Ni wachache wanaoitazama Runzewe katika ramani ya wanyamapori, ingawa imekaa katikati yao. Kusini iko Kigosi, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na ambayo Bunge, mwaka 2023, liliridhia iondolewe hadhi hiyo ili wananchi waendelee na shughuli kama ufugaji wa nyuki. Kaskazini-magharibi iko Burigi-Chato, nayo hifadhi ya taifa tangu 2019. Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, ni wilaya ya miombo na asali, na sasa ni wilaya ya maduara ya dhahabu.

Duara huhitaji matimba ili kuta zisiporomoke. Mchimbaji huhitaji mkaa wa kupikia na kitoweo cha bei nafuu. Hayo yote hutoka porini. Mti mkubwa wenye pango unapoangushwa, komba aliyelala humo mchana hupoteza nyumba, na mara nyingine mtoto hubaki kwenye gogo wakati mama amekimbia au amekufa. Mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya swala haumbagui anayenyonyesha. Lori likipita usiku kwa kasi humgonga tumbili au digidigi, na dereva hasimami, wala mimi simtegemei asimame katikati ya msitu usiku wa manane.

Mnyama anayeonyesha msiba huu kwa uwazi kuliko wote ni kakakuona. Mama humbeba mtoto juu ya mkia wake. Akiona hatari hujikunja na kumfungia mtoto ndani ya mkunjo huo, akiwa ngao yake. Ngao hiyo humshinda hata simba, lakini haimzuii binadamu, ambaye humwokota kama anavyookota jiwe. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kakakuona wote wa porini imepigwa marufuku, lakini magamba yake bado husakwa. Mtoto akibaki hai, malezi yake ni ya taabu kubwa, kwa kuwa chakula chake ni mchwa na siafu, ambao hawauzwi dukani. Huyu hata ukimshonea kifuko cha hariri, utakuwa umemfariji kwa siku chache tu, kama hakuna mtaalamu wa kumpokea.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, nikaketi kwa fundi cherehani mmoja sokoni Runzewe, mama wa makamo anayeshona sare za shule. Nilimchorea kifuko cha komba kwenye karatasi na kumweleza masharti yake. Hakucheka, kinyume na nilivyotarajia. Aliitazama karatasi, akasema mabaki ya vitambaa vyake yangetosha kwa vifuko kumi kwa siku moja. Kisha akaniuliza:

"Lakini mwalimu, nikishamtia humo, nampeleka wapi? Si ndiyo nitaanza kuulizwa nimemtoa wapi?"

Katika maneno hayo machache mama yule aliifupisha sera nzima. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inatamka kwamba wanyama wote ni mali ya umma, iliyokabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, na makosa mengi ya nyara yanaangukia katika sheria ya uhujumu uchumi. Naiunga mkono misingi ya sheria hiyo. Tumeshuhudia kilichotokea pale ulinzi ulipolegea: mwaka 2009 nchi ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000, na mwaka 2014 walibaki takriban 43,000. Hakuna anayeweza kusema ni watoto wangapi walisimama kando ya mizoga ya mama zao katika miaka ile mitano.

Hata hivyo, sheria iliyotungwa ili imnase jangili isimwogopeshe mama mshona sare. Jangili anajua njia zake. Mwananchi mwema hajui aripoti kwa nani, ataamini vipi kwamba maelezo yake yatapokewa kwa nia njema, na mnyama atafikishwa wapi. Matokeo yake ni kwamba anayemkuta mtoto wa mnyama hai ana njia tatu: amwache afe, amfuge kwa siri, au amuuze. Njia ya nne, iliyo halali na ya huruma, ipo kwenye vitabu, lakini haina kibao barabarani.

Wapo watakaoniuliza: mtoto wa binadamu analala chini, nawe unataka tumshonee komba? Swali hilo ni halali, na katika wilaya zetu lina uzito kuliko Nairobi au London. Lina uzito zaidi kwa mkulima ambaye tembo wamemlia mahindi ya mwaka mzima. Serikali yetu ina kanuni, tangu mwaka 2011, za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori wakali. Majina hayo ni mazuri. Lakini machozi yanayofutwa baada ya kusubiri sana huwa yamekwisha kukauka yenyewe na kuacha chumvi. Nakubali, basi, kwamba dola isiyotimiza wajibu wake kwa mkulima huyo haina ujasiri wa kumwomba amhurumie mtoto wa tembo.

Lakini hoja hiyo inadai kifuta jasho kilipwe kwa wakati. Haidai yatima aachwe. Wala cherehani haigombanishi viumbe. Fundi anayeweza kushona kifuko cha komba anaweza kushona kofia ya mtoto njiti kwa kitambaa kilekile, mchana uleule. Na kitambaa hicho ni pamba, zao ambalo Kanda ya Ziwa inalizalisha kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi, na ambalo tunaliuza kama nyuzi mbichi kisha tunalirudisha kama nguo za mtumba. Ukosefu wetu, kwa hiyo, hauko kwenye nyenzo.

Majirani zetu wanatuonyesha malezi hayo hudai nini. Jijini Nairobi, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, imelea mamia ya tembo yatima. Mkewe, Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa yatakayofaa, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe huwaua watoto wa tembo. Msaada mmoja aliupata katika mafuta ya nazi. Nafasi ya mbeleko huko ni ya blanketi. Mtoto hufunikwa nalo mgongoni, na blanketi jingine hutundikwa ili aegemeze mkonga wake anaponyonya, kama angeuegemeza tumboni kwa mama yake. Walezi hulala naye bandani, kwa zamu. Zamu hiyo ina historia ya uchungu: mtoto wa tembo aliyeitwa Aisha alimzoea Daphne peke yake, na alipokwenda kumwoza binti yake, Aisha aligoma kula na akafa. Tangu hapo ilieleweka kwamba yatima asitegemee moyo wa mtu mmoja. Anahitaji mfumo.

Upande wa mashariki ya Kongo, katika kituo cha Senkwekwe kilichopo Rumangabo, Hifadhi ya Virunga, sokwe-milima Ndakasi alilelewa na mlinzi Andre Bauma. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miezi miwili, Ndakasi alikutwa ameung'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Usiku ule Bauma alimlaza kifuani pake ili ampe joto. Mbeleko ilikuwa ni mwili wa mtu. Miaka 14 baadaye, Septemba 2021, Ndakasi alifia mikononi mwa Bauma huyohuyo, bila kurudi msituni hata siku moja. Ni kisa kinacholiza, na watu wengi duniani walikililia. Nami nakisoma pia kama onyo: hata malezi bora kuliko yote hayakuweza kumrudishia yatima yule kile risasi ilichomnyang'anya.

Ndiyo maana mifano inayonivutia zaidi haina kifuko ndani yake. Kisiwani Pemba, popo wakubwa wa kisiwa hicho, ambao jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, walikuwa karibu kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanavijiji, kama wa Kidike, waliunda vikundi vya kulinda miti wanakolala, na uwindaji ukadhibitiwa. Ndani ya miaka ishirini hivi idadi yao ilipita 20,000. Unguja, kwenye barabara inayopita Jozani, kima punju walikuwa wakigongwa na magari mara kwa mara. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Tuta la barabarani halipigwi picha wala halimtoi mtu machozi. Ila kila mama anayevuka salama mbele yake ni mtoto mmoja asiyehitaji mbeleko ya kitambaa.

Nini kifanyike Runzewe na wilaya zinazofanana nayo? Natoa mapendekezo manne, nikiwalenga watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu.

La kwanza ni tangazo la ukurasa mmoja katika kila ofisi ya kijiji inayopakana na msitu, likisainiwa na ofisa wanyamapori wa wilaya. Lieleze kwamba mtoto wa swala au digidigi aliyelala nyasini peke yake mara nyingi si yatima, kwani mama humficha na kurudi kumnyonyesha, basi aachwe. Lieleze kwamba aliye yatima kweli, ambaye mama yake ameonekana amekufa, asishikwe kwa mikono mitupu, maana popo na tumbili wanaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Asipewe maziwa ya ng'ombe. Awekwe kwenye boksi lenye kitambaa cha pamba, mahali penye giza na ukimya. Na taarifa itolewe siku hiyohiyo. Kisha tangazo litaje wazi jina la ofisi na namba ya kupiga.

La pili ni kumlinda mtoa taarifa. Mwananchi anayekabidhi mnyama hai ndani ya muda uliowekwa apewe hati ya makabidhiano papo hapo, yenye muhuri. Karatasi hiyo moja itaondoa hofu kuliko semina kumi.

La tatu ni pahali pa kupokelea. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kwa kushirikiana na TANAPA na TAWIRI, wana uwezo wa kuteua kituo kimoja kwa ajili ya ukanda wa magharibi, chenye daktari wa mifugo aliyefunzwa malezi ya wanyamapori. Vifuko na mablanketi ya kituo hicho vishonwe na mafundi wa hapa, kwa vipimo vilivyoandikwa na daktari huyo, na walipwe. Nasisitiza malipo. Fundi wa Runzewe hatakiwi kujitolea kwa jambo ambalo mwajiriwa wa serikali analifanya kwa mshahara na posho.

La nne, lililo kubwa kuliko hayo matatu, ni kupunguza yatima wenyewe. Doria za kung'oa mitego ya nyaya zifanywe na vijana wa vijiji kwa ujira. Matuta na alama viwekwe pale wanyama wanapovukia barabara. Leseni za uchimbaji mdogo ziambatane na chanzo halali cha matimba na mkaa, na wilaya ipande miti kwa ajili hiyo. Nyamapori halali, ambayo serikali iliruhusu mabucha yake kuanzia mwaka 2020, ishuke bei kiasi cha kumfikia mchimbaji, la sivyo ataendelea kununua kwa mtega waya.

Wanafunzi nao wana kazi isiyohitaji bajeti. Wanaosafiri kati ya Kahama na Nyakanazi waandike kila mzoga wanaouona: tarehe, mahali, aina ya mnyama, jike au dume kama inajulikana. Mwaka mmoja wa daftari la namna hiyo utatuonyesha matuta yawekwe wapi, na utamnyima mhandisi nafasi ya kusema hakuna takwimu.

Nimezungumza juu ya komba na kakakuona, lakini msomaji makini ameona kwamba nazungumza juu ya namna tunavyotawaliwa. Nchi yetu ni hodari wa kutoa pole. Tunakuwa wepesi wa rambirambi, michango na kifuta machozi baada ya duara kuporomoka au basi kupinduka, kisha tunakuwa wazito wa kuuliza matimba yalikaguliwa na nani, na breki zilipitishwa na nani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; sisi tumezoea kuchangia ukuta na kuwapongeza wachangiaji.

Kwa hiyo washoneaji washone, na yule mama wa sokoni apewe kazi hiyo akiwa tayari. Lakini Baraza la Madiwani litakapoketi kupitisha bajeti ijayo, diwani mmoja asimame aulize maswali mawili kwa mpangilio huu: katika mwaka uliopita ni mitego mingapi imeng'olewa na ni wanyama wangapi wamegongwa barabarani, na yule aliyeokotwa akiwa hai alipelekwa wapi. Wakikosa jibu la swali la kwanza, wasituonyeshe picha za vifuko.